Mama Si Mjane

Wacha nianze na kile kikaratasi, kwa sababu ndicho kilichonikera na mpaka leo kinanikera. Kilikuwa cheupe, kidogo kuliko kiganja, kimebandikwa ukutani kando ya picha niliyomchora mama yangu. Juu jina langu. Chini, kwa Kiingereza, maneno mawili: mjane, Kibera. Na saa hiyo hiyo baba yangu alikuwa nyumbani Soweto East, hapo hapo Kibera, amelala baada ya zamu yake ya usiku ya usoja wa getini, anakoroma mpaka jirani anagonga ukuta wa mabati.

Nitafika hapo. Kwanza mjue nilitoka wapi, maana wenye kuandika habari za wachoraji wanapenda kusema sisi wa mtaani tulizaliwa na kipaji tu, kama upele. Kipaji gani? Mimi nilifundishwa. Nilifundishwa Kawangware, kwenye stegi ya matatu ya 56, na fundi wa mabango, Mkamba wa kutoka Kitui, mtu wa maneno machache na brashi nyingi. Tulichora vichwa. Vichwa vya salooni vyenye misuko, vichwa vya kinyozi vyenye nywele zilizokatwa kwa mstari kama za rula, mara moja moja mwanamume wa duka la vifaa vya ujenzi, hadiwea, ameshika nyundo. Nilikuwa nimemaliza shule na nilijiona msanii, kwa hiyo kazi hiyo niliidharau miezi mingi.

Fundi alikuwa na sheria moja. Bango likiisha, tulilibeba na kuliegemeza kwenye ukuta wa mwenye salooni, halafu fundi anamwambia mwenyewe, "Vuka barabara." Mwenyewe anavuka katikati ya bodaboda na mikokoteni, anasimama ng'ambo kwenye hadiwea, anaangalia. Mpaka avuke, aangalie na arudi, brashi haioshwi. Na walikuwa wakirudi na makubwa. Paji limekuwa pana. Shavu umelijaza, mimi si mnono hivyo. Hiyo pua ni ya nani? Siku moja nilichoka, nikamwambia mama mmoja kwamba mimi kwa macho yangu naona picha iko sawa. Fundi alininyang'anya brashi mbele ya huyo mama. "Macho yako hayatakaa juu ya mlango wake," akasema. "Ni uso wake utakaa pale." Nilimkasirikia wiki nzima.

Maonyesho yangu ya kwanza yalikuwa kwenye ukumbi mmoja wa kwetu Kibera, karibu na Ayany. Nilifunga kamba ya nguo kutoka dirisha hadi dirisha, nikaning'iniza picha kwa vibanio. Nilikuwa nimechora watu wa kwetu: mama wa makaa, kinyozi, mshona viatu, akina dada wa salooni wanacheka mpaka ufizi unaonekana. Watu walijaa, na kelele zao zilikuwa kama za harusi. Walikuwa wanatafutana ukutani. "Huyu si yule wa makaa? Mbona umemziba mwanya?" Mwenye mwanya akafika mwenyewe, akadai mwanya wake, na nikaurudisha pale pale watu wakitazama. Sijawahi kuwa na siku nzuri kuliko hiyo, na nilikuwa mjinga kiasi cha kuiona ya kitoto.

Kisha nikapata nafasi ya ukuta mmoja kwenye maonyesho ya wachoraji wengi, mjini. Hapo watu hawakupiga kelele. Walitembea polepole na glasi zao, na walipowafikia kinyozi wangu na akina dada wanaocheka, walipita kama mtu anayepita mlango wa choo. Picha moja tu iliwasimamisha. Nilikuwa nimemchora jirani ameegemea mlango, anangoja maji, amechoka. Walisimama mbele yake. Waliinamisha vichwa. Mmoja aliweka mkono kifuani. Hakuna aliyeniambia kitu, na wala sikuhitaji kuambiwa. Nilirudi nyumbani nikapunguza rangi nyekundu, nikaongeza kahawia, nikaanza kuwafunga watu wangu midomo. Wenye kujua wakasema nimekua. Nami nikaamini nimekua.

Ndipo akaja yule mama mwenye jumba la maonyesho, akataka ukumbi mzima uwe wangu peke yangu. Msidhani ni mtu wa kutoka ng'ambo. Ni wa hapa hapa Nairobi, jumba lake liko Lavington, na kutoka hapo mpaka stegi ya 56 unatembea kwa miguu bila hata kutoa jasho. Hakuwahi kufika 56. Aliniambia hivyo mwenyewe, akicheka.

Kwa maonyesho hayo nilitaka picha moja kubwa kuliko zote, na nilijua ni ya nani. Mama anauza omena, wale dagaa wa ziwani, Soweto East, karibu na magorofa ya serikali. Kanisa letu ni mojawapo ya yale ya watu wa kutoka ziwani, ya kanzu nyeupe na ngoma, wanaopanga mstari barabarani kila Jumapili. Mama alikuwa ameingoja kanzu yake miaka mingi, kwa sababu kwao huivai kwa kutaka, unapewa wakikuona umesimama imara. Jumapili waliyompa, alikuja nayo nyumbani mwilini, kitambaa cheupe chenye msalaba mwekundu kichwani, akakaa kwenye stuli mlangoni na kuniambia, "Nichore na hii." Alikaa mchana kutwa. Baba aliamka akapika chai, akampelekea pale pale alipokaa, jambo ambalo halitokei mara mbili kwa mwaka.

"Nitaiona lini?" aliuliza.

"Utaiona ikitundikwa," nikamjibu. Rangi ilikuwa haijakauka, na gari la kuchukua picha lilikuwa linakuja hiyo wiki. Nilikuwa na haraka. Sikumwambia avuke barabara. Vichwa vya salooni nilivipa heshima hiyo, mama yangu mzazi nikamnyima.

Yule mwenye jumba alipoiona aliuliza kama hiyo nyeupe ni nguo ya matanga. Nikamwambia ni ya kanisa. Akaitikia kwa kichwa kama aliyesikia. Siku chache baadaye alinitumia maneno ya vikaratasi vyote kwenye simu, nisome nikubali. Nilikuwa kwa seremala nanunua fremu. Nilisoma. Nililiona hilo neno, mjane, mchana kweupe, wala sikuwa nimelewa. Nikajiambia ni jina la picha tu, wasomi ndio wanajua majina. Nikamtumia kidole gumba cha kukubali. Nawaambia hili kwa sababu nimewahi kulisimulia nikiliruka, na nilijiona mwongo.

Ufunguzi ulikuwa Jumamosi saa tisa mchana. Mama alikuja na wenzake wawili wa kanisani, wote watatu na kanzu zao, zimepigwa pasi hadi mikunjo inasimama. Wageni waliwageukia. Mwenye jumba aliwapiga picha kwa simu bila kuwaomba. Mama alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta wangu, na kabla hajainua macho kwa picha, aliona kikaratasi. Kiingereza chake si kingi, lakini neno hilo hakuna mwanamke wa Kibera asiyelijua. Ndilo watu wa misaada wanalokuuliza kila wanapokuja na madaftari yao.

Mwenzake mmoja akamshika kiwiko. "Mzee ameenda? Mbona hukutuambia?"

Kwetu hilo si neno la kuchezewa. Mjane ana nguo zake, ana nyumba asizoingia, ana mambo ya kufanyiwa kabla hajakaa tena na watu kama zamani. Kumwita mke wa mtu hivyo mumewe akiwa anapumua ni kumtakia mume kaburi. Na jina langu mimi, mtoto wao, lilikuwa juu ya neno hilo.

Mama hakupaza sauti. Alimwambia mwenye jumba, kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Mume wangu amelala. Ukitaka nitamwamsha."

Yule mwenye jumba akacheka kwa upole, kile kicheko cha kumtuliza mtoto. Akaeleza kwamba hii ni sanaa, si mtu mmoja, ni wanawake wengi wanaoteseka kule.

"Basi ungeniacha mimi, ukawatafuta hao wengi," mama akasema. Halafu akanigeukia. "Wewe ulijua?"

Nikainamia viatu vyangu. Mama ananijua tangu nikiwa wa kubebwa. Akawaambia wenzake twende, na kanzu tatu nyeupe zikatoka mlangoni. Hata picha yenyewe hakuiangalia.

Nyumbani baba alichukulia mzaha. "Kumbe mimi ni marehemu," akasema. "Basi marehemu anaomba chai." Mama hakucheka. Alimwekea chai na kumkorogea sukari mwenyewe. Kisha aliikunja kanzu akaiweka chini ya godoro. Akaniambia hataivaa tena mpaka atoke pale ukutani, kwa sababu hawezi kusimama mbele ya Mungu na watu akiwa mke huku na mjane kule. Jumapili ile ngoma zilipita nje ya mlango wetu naye amekaa ndani anachambua omena ambazo zilikuwa zimeshachambuliwa. Miaka yote ile ya kungoja, na mimi nimeimaliza kwa kidole kimoja.

Jumatatu nilikwenda Lavington. Nilikwenda nikiwa nachemka. Mwenye jumba alinipa kiti, akanipa maji, akaniambia picha hiyo ndiyo iko kwenye mabango yote ya maonyesho, na nikiitoa, zote zinatoka, na ile safari ya nje aliyokuwa amenitafutia niisahau. Akaniuliza kama najua amenifanyia nini. Kisha akaona anilegezee: tubadilishe kikaratasi, tuandike mwanamke, Kibera.

"Mwanamke gani?" nikamuuliza. "Ana mume. Ana kanisa. Ana meza ya omena na wateja wanaomwita kwa jina la kifungua mimba wake, ambaye ni mimi."

"Unaharibu kazi yako kwa sababu ya neno moja," akasema.

Nilimwambia neno hilo moja aende aliandike nyumbani kwake, juu ya mlango, aone mumewe atalionaje. Nikaishusha picha mwenyewe. Nikajikwaruza na msumari. Soja wa getini aliitazama picha, akanitazama mimi, akafungua geti lote kana kwamba natoka na gari. Nyuma yangu nilisikia nikiambiwa zile nyingine nizitoe kabla ya Ijumaa.

Niliibeba kichwani hadi 56. Njia nzima nilikuwa natukana, na wala sioni haya kusema hivyo. Niliwatukana wenye glasi, wenye mikono kifuani, wenye kupenda tukilia. Nikafika kwa fundi wangu, sasa mzee, bado anachora vichwa pale pale. Nikaiegemeza picha kwenye ukuta wa salooni, chini ya bango la zamani nililochora mimi, nikampigia mama simu nikamwambia nimemtoa ukutani, aje.

Alikuja bila kuvua aproni ya omena. Alitaka kuinama aiangalie kwa karibu, fundi akamzuia.

"Vuka, mama."

Akavuka. Akasimama kwenye hadiwea, kando ya rundo la mabati, akaangalia. Aliangalia muda mrefu hadi mwenye duka akaja kusimama naye. Mimi nilikuwa nangoja. Nitasema ukweli, nilikuwa nangoja kushukuriwa. Nilikuwa nimetupa ukumbi mzima na safari kwa ajili yake, na nilitaka aseme hivyo mbele ya fundi.

Akarudi. Akajifuta mikono kwenye aproni.

"Kanzu ni nzuri," akasema. "Msalaba ni huo. Lakini huyu mama amefiwa."

Nikamwambia ni kile kikaratasi kimemkaa akilini, asahau.

"Hapa hakuna karatasi. Mimi naangalia mdomo. Hiyo siku nilikuwa nimepewa kanzu. Baba yako aliniletea chai. Nilikuwa nimefurahi hadi nikaogopa kucheka nisikuharibie kazi. Hii mdomo umetoa wapi?"

Nikaitazama. Pembe za mdomo zilikuwa zimeshuka. Macho nilikuwa nimeyatilia kahawia chini, ile kahawia yangu ya kusimamisha watu. Nilikuwa nimekaa mbele ya mwanamke mwenye furaha mchana kutwa, nikamchora analia, na mkono haukunishtua hata kidogo. Yule mama wa Lavington aliandika alichosoma kwenye picha. Nilitafuta mtu wa kumkasirikia pale stegini na nikakosa.

Fundi alichota rangi nyekundu kidogo kwenye kifuniko cha mkebe, akanipa na brashi yake, haijaoshwa.

"Kaa basi," nikamwambia mama. "Kaa hapa kwa stuli nikuone."

"Sikai," akasema, na alikuwa ameshashuka barabarani. "Mimi navuka. Wewe chora."