Wageni Walioleta Mvua

Juzi nilikula kwenye mgahawa wa Shelui, pale malori yanapopumzika. Televisheni ilikuwa kwenye kriketi. Dereva mmoja akatueleza kwamba Australia wamewafuata mahasimu wao Waingereza hukohuko kwao, kwa mechi za siku moja moja. Mara mvua ikaanza huko Uingereza, na wenyeji wakakimbia na maturubai kufunika uwanja.

Mama mpishi akasimamisha mwiko hewani. "Mgeni kaja na mvua, halafu wanaifunika?"

"Mama, ikizidi mechi inavunjika," dereva akamjibu.

"Si ivunjike!" Akatazama nje, ambako mtama umekunja majani kwa ukame. "Wakimaliza huko waambie wapitie kwetu. Hapa hatufuniki kitu."

Kriketi bado siijui, ila tangu siku hiyo nashangilia wageni.