Mama aliuliza binti amejibu nini

Juzi, katika chuo kimoja cha biashara hapa Bujumbura, msichana alieleza kwa Kifaransa mradi wake wa kuuza ndagala wakavu, wale dagaa wa Ziwa Tanganyika. Mwalimu akamuuliza nani alimfundisha kuwakausha.

"Nimejifunza kwenye intaneti," akajibu.

Mama yake, muuza ndagala wa mtaa wa Mutakura aliyemfundisha kazi hiyo lakini asiyejua Kifaransa, alikuwa amekaa kando yangu. Akaninong'oneza: "Amejibu nini?"

"Ameulizwa nani alimfundisha kukausha ndagala. Amesema ni wewe, mama."

Akapiga vigelegele. Nje akamkumbatia binti: "Aksanti, mutoto yangu. Huyu baba ameniambia vile umenitaja mbele ya bakubwa."

Binti alinitazama, akaelewa, akainamisha uso na asiuinue tena. Chuoni wanafundishwa kuuza. Yeye alikuwa amemtoa mama yake bure, nami sikujua nitazame wapi.