Diski ya Anatory na Ng'ombe wa Pili

Ukitaka kumjua Anatory wa Ijumbi, usimuulize anapenda filamu gani. Atakutajia moja, utahangaika kuitafuta, kisha atakuambia yeye mwenyewe hajawahi kuitazama. Alichochukua ni muziki wake tu.

Msimu wa kahawa anapima magunia kwenye chama cha ushirika; msimu ukiisha anatengeneza simu pale Muleba mjini. Nimemuuzia spika kuukuu tatu, na mara zote alilipa bila kubishana, jambo ambalo hunifanya nimhurumie mtu. Anakusanya muziki wa filamu na wa magemu, ule usioimbwa, unaopita chini watu wakipigana au wakiagana. Ameuweka kwenye diski moja nyeusi, ndogo kama kipande cha sabuni: nyimbo elfu kumi na moja, kila moja na jina la mtunzi, nchi na mwaka. Cheti chake cha ubatizo amekipoteza.

Mwenye banda la video amemfukuza mara mbili. Filamu ikiisha, majina yakaanza kupanda, watu wanatoka, Anatory anabaki kwenye benchi anasikiliza. "Wote wameshakufa," mwenye banda alimwambia, "bado unamsubiri nani?" Na kwa kuwa filamu zinazoletwa huku zina mtafsiri anayeongea juu ya kila kitu, hata juu ya kimya, Anatory alimwandikia mtafsiri mmoja barua, akamwomba kwa heshima zote anyamaze dakika tatu tu pale mke wa mfalme anapozikwa. Hakujibiwa. Kwenye magemu ndiyo kabisa. Analipia nusu saa, anamsimamisha askari wake msituni, hamsogezi hata hatua moja, anasikiliza. Nyuma yake foleni inatukana.

Mtu huyo ndiye aliyempenda Dativa, fundi cherehani wa Bukoba mjini. Na baba yake Dativa ni Mzee Gamaliel wa Kaagya, Mlutheri, kiongozi wa matarumbeta ya usharika wao kwa miaka ishirini na tisa. Alikwisha kukataa posa mbili, moja kwa kuwa wageni walichelewa, nyingine kwa kuwa waliwahi mno. Familia ya Anatory ni Wakatoliki. Wakanichukua mimi niwe msemaji wao, kwa sababu nanunua na kuuza, na kazi ya msemaji ni hiyohiyo. Nilimpa Anatory masharti mawili: mdomo aufunge, na spika zake zibaki Ijumbi.

Kaagya tulipokelewa vizuri. Kahawa ya kutafuna, rubisi, ile pombe ya ndizi, maneno marefu. Tulipomaliza kutaja mahari tuliyonayo, ng'ombe wawili na mbuzi, Mzee Gamaliel na ndugu zake wakaingia ndani kushauriana. Nje kukawa kimya. Shangazi yake Dativa, Kokushubila, akasema kimya kile kinamchosha, mwenye muziki kwenye simu auunganishe na spika ya wenyeji. Kabla sijageuza shingo, Anatory alikwisha kuunganisha.

Alichagua kitu cha polepole, chenye kinanda na matarumbeta. Wajomba zetu waliposikia kinanda walidhani ni wimbo wa Walutheri, na kwa kuwa ni wageni, wakasimama. Wenyeji walipoona wageni wamesimama walidhani ni wimbo wa Wakatoliki, na kwa kuwa ni wenyeji, nao wakasimama. Mmoja akavua kofia. Wote wakavua.

Sasa, muziki wa gemu hauna mwisho. Umetengenezwa ujirudie mpaka mchezaji abonyeze kitu. Tulisimama. Hakuna upande uliotaka kuwa wa kwanza kuikalia dini ya wenzao. Mzee mmoja akaegemea bega la jirani yake. Mwingine akafumba macho akasema amina mahali ambapo hapakuwa na sala. Anatory machozi yalimlengalenga, na nikasikia mama mmoja wa upande wa pili akimsifu kwa imani yake.

Mzee Gamaliel alitoka, akatukuta hivyo, akavua kofia. Akasikiliza mzunguko mzima akiwa mlangoni. Halafu akauliza wimbo huo umo katika kitabu gani.

Nilikuwa na jibu tayari, kwamba kwetu parokiani huimbwa siku ya marehemu wote. Uongo mzuri, usiomuumiza mtu. Anatory akanitangulia. Akataja gemu, mtunzi na mwaka, akaeleza kwamba hupigwa mchezaji akishakufa, mashine ikimuuliza kama anataka kuanza upya.

Watu wakakaa, mmoja mmoja, bila kutazamana.

"Kwa hiyo nimevua kofia nyumbani kwangu," Mzee Gamaliel akasema, "kwa ajili ya marehemu wa kwenye runinga."

"Ndiyo, tata," Anatory akajibu, yaani baba.

"Na lile tarumbeta la pili si tarumbeta."

"Si lenyewe, tata. Ni mashine. Ninao mwingine wa matarumbeta ya kweli, ishirini na manne."

"Uko wapi?"

Anatory akatoa diski mfukoni mwa koti. Nilikataza spika; diski sikuifikiria.

Uso wa mtu aliyekwisha kuona anachokitaka naujua. Mzee Gamaliel akasema katika ng'ombe wawili tuliowataja, wa pili hamtaki. Anataka hiyo diski, yote. "Nipe kitu unachokipenda," alisema, "ndipo nitajua binti yangu anakwenda kwa nani."

Anatory akanyamaza. Dativa alikuwa dirishani, kwa ndani, anamtazama. Nikamfinya Anatory paja, nikamnong'oneza jambo ambalo fundi simu hakupaswa kukumbushwa na mtu: nakili kwanza. Akanitazama kama nimemtuma akaibe altareni. Ikabidi nisimame mimi, nikavaa uso wa msiba, nikasema hiyo ni jasho la miaka kumi na miwili, ina uzito kuliko ng'ombe. Basi na mbuzi wawili watoke kwenye mahari, na kijana apewe wiki ya kuiaga. Mzee akapunguza mbuzi mmoja, akatoa siku nne. Kunakili ni jioni moja. Nikampa mkono.

Dativa akaniita uani. "Mjomba, alinyamaza muda gani?"

Nikasema si mrefu, ulikuwa mshtuko.

"Nilikuwa na blauzi mkononi. Nimepinda mkono wake mzima kwa sindano, hajajibu."

Nikaona mzigo unaozea njiani. Nikamuuliza anataka nini ili yaishe. Akasema wakishaoana cherehani yake itakaa sebuleni, na ikiwa inazunguka, hakuna muziki.

Nikampelekea Anatory. Akauliza ni saa ngapi kwa siku. Nikarudi uani. Dativa akasema saa atapanga yeye. Nikampelekea na hilo, na safari hii hakungoja hata nimalize. Akasema ndiyo, halafu akasema tena kwa sauti kubwa, ili Dativa kule uani asikie.