Nilimfukuza Mama Mkwe kwa Moshi wa Udi

Nimekosa. Tena sikuteleza, nilikusudia! Naomba mlijue hilo kabla hamjaanza kunionea huruma. Huruma zenu kaeni nazo.

Mimi ni mke wa mtu, naishi hapa Sumbawanga mjini. Mume wangu ni dereva wa lori, anashuka Wampembe, kando ya Ziwa Tanganyika, kuchukua dagaa na kupandisha nao huku. Siku nyingi hayupo. Upweke ule ndio ulionipeleka kwa jirani yangu Mama Swaumu, ambaye mumewe ana duka la vitambaa. Yeye ndiye aliyenifundisha kupika udi.

Jamani, nilinogewa! Unayeyusha sukari mpaka igeuke rangi, unatia vipande vya udi, unga wa msandali, karafuu iliyotwangwa, halafu mafuta ya waridi. Unakoroga, unaacha vikauke, unahifadhi. Ukiweka kipande kimoja tu kwenye chetezo juu ya kaa la moto, unajiona malkia. Mimi nimekulia Namanyere kwenye nyumba inayonuka moshi wa kuni mpaka kwenye shuka. Sasa nikipita mtu anageuka! Kanga zangu, nywele zangu, kitanda changu, vyote vinanukia. Nilikuwa nachanganya kila siku, leo nazidisha karafuu, kesho nazidisha msandali.

Kisha baba mkwe akafariki, na mume wangu akamleta mama yake kutoka kijijini kwao Mollo aje akae nasi.

Alikuja na pumu yake. Nilijua! Mume wangu aliniambia siku ile ile, "Mama ana kifua, moshi unamsumbua." Nikasema sawa, nikakihamishia chetezo uani. Shingo upande, lakini nilikihamisha.

Sasa sikilizeni. Jumapili moja wanawake wa jumuiya walikuja kumpa pole ya msiba. Mimi nahudumia chai. Walikuwa wanaongea Kifipa, mama mkwe akageuza makusudi akasema kwa Kiswahili, nisikie vizuri:

"Mwanangu hakuoa mke, ameoa chupa ya marashi. Nyumba inanuka kama gesti."

Wakacheka! Mmoja mpaka chai ikamwagika. Nilirudi jikoni na birika langu.

Kesho yake chetezo kikarudi ndani.

Ilikuwa miezi ya baridi, na upepo wa huku mnaujua. Nikafunga madirisha yote. Akiuliza, nasema, "Baridi, mama." Chetezo nikakiweka kwenye korido, karibu na mlango wake. Akikohoa, naongeza kipande. Ndiyo, naongeza!

"Mwanangu, nitolee hicho kitu," aliniambia. "Sipumui."

"Si ulisema nyumba inanuka? Ndiyo naifukiza hivyo. Kama hewa ya hapa haikufai, Mollo ina hewa tele."

Aligeuka akarudi chumbani kwake. Mimi nikaona nimemweza.

Mama Swaumu alipita siku moja akamsikia anavyokohoa. Akaingia bila hodi.

"Wewe! Mtu mzima anahema hivi na madirisha umeyafunga? Mimi sikukufundisha hivi!"

"Kaangalie ya kwako," nikamjibu. Akatoka, na hajakanyaga tena kwangu.

Siku yenyewe ilikuwa mchana. Nilikuwa napika udi mpya jikoni, simu ikaita, nikanogewa na maongezi. Sukari ikaungua. Moshi mweusi mzito ukajaa nyumba nzima, mimi mwenyewe machozi yakanitoka. Nikatoka nje kupata hewa. Nikamwacha yeye ndani. Nilisimama pale uani nikasema moyoni, leo atafunga mzigo wake mwenyewe.

Nikasikia kitu kimeanguka.

Nilimkuta sakafuni ameshikilia mguu wa kitanda. Midomo imebadilika rangi, kifua kinapiga mluzi. Hapo ndipo nikafungua dirisha. Hapo! Nikapiga kelele, dereva wa bajaji akaja tukambeba.

Hospitali daktari akaniuliza, "Nyumbani kuna moshi? Mkaa, udi, manukato makali?"

"Hakuna, daktari. Labda vumbi."

Mama alikuwa na oksijeni usoni. Alikuwa amefumbua macho, ananitazama.

Mume wangu alifika kesho yake kutoka Wampembe, hata nguo hakubadilisha. Akamshika mama yake mkono. "Mama, umepatwa na nini?"

Nikajua nimekwisha. Lakini mama akasema, "Hewa ya mji imenishinda. Nirudishe kwangu."

Mume wangu alilia kama mtoto. Alisema yeye ndiye aliyemleta mama yake kuja kufa. Na mimi nikampapasa mgongo! Nikamwambia, "Usijilaumu." Mnaona nilivyo?

Mama akarudi Mollo. Siku hiyo nilifukiza nyumba nzima, niwaambie ukweli. Nilifurahi.

Furaha haikudumu. Mama hakurudia hali yake, hata ndoo ya maji hawezi kubeba. Kila safari mume wangu anampelekea dawa, na kila akirudi anaanza upya, "Ningemwacha kwake asingeumwa." Chakula hali. Anakonda mbele yangu kwa kosa langu. Nikashindwa. Nikaenda Mollo peke yangu.

Nilimkuta amekaa nje anapeta ulezi. "Shikamoo, mama." Hakuitikia. Nikapiga magoti, nikasema yote, mpaka la daktari.

Aliendelea kupeta.

"Ulidhani sikujua?" akasema. "Nilikuwa nakusikia unavyofunga madirisha."

"Mbona hukusema?"

"Niseme, mwanangu akuue afungwe, kwa mtu kama wewe? Nilificha kwa ajili yake. Si kwa ajili yako."

"Nisamehe, mama."

"Sijui kama nitaweza. Na leo sitaki. Inuka hapo, umekanyaga ulezi wangu."

Nikainuka. Hata maji ya kunywa sikupewa.

Mume wangu nilimweleza mwenyewe aliporudi. Hakunipiga, hakufoka. Alikunja nguo zake, akanusa shati moja, akalitupa kitandani, akaondoka na zilizobaki. Sasa anaishi Mollo na mama yake. Lori lake nalisikia likipita barabarani, halipunguzi mwendo.

Nyie mnaofukiza nyumba zenu, fukizeni. Udi hauna kosa, na msiniletee ushauri wa kuacha manukato. Alinitukana, ndiyo, mbele za watu! Ningemrudishia tusi lake yangekwisha siku hiyo hiyo. Mimi nikachagua kuziba pumzi yake.

Kama kuna mtu nyumbani mwako anakohoa na wewe unajifanya husikii kwa sababu alikuudhi, nakwambia mimi niliyefanya hivyo: unaua. Kafungue dirisha sasa hivi, mengine mtagombana baadaye mkiwa hai wote wawili. Na usijidanganye kwamba ukipiga magoti msamaha utakuwa umeshaandaliwa unakusubiri. Mimi nimepiga, na hadi leo sijapewa.