Isale Kwenye Kopo la Rangi

Watu wa Dar wakija Arusha huisifia kwa mambo yale yale: baridi, ndizi, mlima ukijitokeza asubuhi kabla ya mawingu, na watu wanaosalimiana njiani. Ni kweli. Mimi nilikaa Dar miaka sita nikishona kwenye fremu moja ya duka na mafundi wengine wanne, na nilipougua malaria wiki nzima, aliyenikumbuka ni mwenye nyumba tu, akidai kodi. Hapa nikipiga chafya mjini, Levolosi, jioni mama yangu ananipigia simu kutoka shambani, kule juu ya Makumira, kuniuliza kama nimekunywa tangawizi. Hiyo ndiyo raha ya mji mdogo. Adha yake ni hiyo hiyo, na ninaijua vizuri, maana mji huu ulinivua jina langu Jumapili moja asubuhi, na aliyenivua namwamkia shikamoo mpaka leo.

Nilirudi kwa ajili ya mama. Miguu ilianza kumsumbua, na migomba na ile mibuni iliyobaki haikuwa na wa kuiangalia. Nikakodi fremu Levolosi, nikaweka cherehani yangu mlangoni penye mwanga. Dar ilinichukua miaka miwili kupata wateja wa kudumu. Hapa ilinichukua mwezi mmoja. Mtu anaingia, ananitazama usoni, anasema, "Wewe si binti wa yule mama anayeuza kahawa kule juu?" Nikisema ndiye, anatoa kitambaa kwenye mfuko. Hakuna aliyeuliza kama najua kushona. Jina la mama lilitosha.

Kosa langu nalisema mwanzoni kabisa, msije mkadhani najiona malaika. Kule Dar nilikuwa napima kila kitambaa mbele ya mwenye nacho, kabla sijakipokea. Hata angekuwa shangazi yangu ningepima. Hapa niliacha. Nani atampimia mama mtu mzima kitambaa mbele ya macho yake, mtu uliyetoka kumwamkia shikamoo sasa hivi? Ataona unamwita mwongo. Kwetu hiyo ni kukosa adabu, na mimi nilitaka kuonekana nimerudi na adabu zangu zote. Nikawa napokea, nakunja, naweka kabatini.

Basi kwaya ya kinamama ya usharika wetu ikanipa sare. Wanawake ishirini, gauni na kilemba kila mmoja, kitambaa cha zambarau. Kitambaa kilitoka kwa mama mmoja mwenye duka kubwa la vitambaa, hatua chache kutoka kwenye fremu yangu. Naye mwenyewe ni mwanakwaya, anasimama mstari wa mbele. Mchaga wa mlimani, mnene kidogo, sauti ya kuvutia, mkarimu kwa chai. Alikuja mwenyewe na vitambaa ishirini vimekunjwa na kufungwa kamba. Akasema, "Mita nne nne, mwanangu. Vinatosha na kubaki." Nikapokea kwa mikono miwili.

Nilikata magauni yote kwanza, vilemba nikaviacha mwisho. Nilipofika kwenye vilemba, kitambaa hakikutosha. Hata kimoja hakikupatikana. Nikadhani nimekosea kukata, nikapanga vipande sakafuni usiku na mchana nikihesabu mikono na shingo. Sikuwa nimekosea. Nikamwendea mwenyekiti wa kwaya nikamwambia polepole kwamba kitambaa kilikuja pungufu. Naye akampelekea neno mwenye duka, na mwenye duka hakunijibu mimi. Alisubiri Jumapili.

Asiyejua sharika zetu nimweleze. Ibada ikiisha watu hawaondoki. Wanakusanyika nje kwenye mnada wa sadaka, ambapo vile vitu vilivyotolewa, kuku, mkungu wa ndizi, mayai, maziwa, vinanadiwa. Ndipo mahali penye watu wengi na masikio mengi kuliko hata ndani. Mnadi alikuwa ameinua mkungu wa ndizi juu. Yule mama akasema, kwa sauti ile ile ya kuimbia, "Kitambaa nilipima kwa mkono wangu. Kama vilemba havikutoka, muulizeni fundi mabaki anayapeleka wapi." Akacheka. Wakacheka wawili, kisha kumi. Mwingine akadakia kwamba foronya za mama yangu ni za zambarau, ameziona kwa macho yake siku jumuiya ilipokwenda kumtembelea.

Na ni kweli nilimshonea mama foronya. Kwa vipande vya makwapa na shingo, vile ambavyo kila fundi duniani anabaki navyo, vikaungwa ungwa kama viraka. Lakini nani angesimama pale aanze kueleza habari za makwapa? Mkungu ukanunuliwa, mnada ukaendelea.

Kufikia jioni habari ilikuwa imefika Terrat, upande wa pili wa mji. Dar ukigombana na mteja mmoja, anakuja mwingine asiyemjua yule. Hapa wote wanamjua. Jumatatu walikuja watatu kuchukua vitambaa vyao ambavyo sijavigusa. "Nimeahirisha kwanza, fundi." Waliobaki walianza kukaa kwenye benchi langu mpaka nimalize kukata, macho kwenye mkasi, halafu wananyoosha mkono wapewe mabaki, hata kipande kisichofunika kifungo. Mama alizivua zile foronya akaziweka chini ya kitanda. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Nikajua kazi ikinifia hapa, itabidi nirudi Dar, naye abaki peke yake na migomba yake na miguu ile.

Na yule mama kila asubuhi anapita mlangoni kwangu akienda kufungua duka. Njia ni moja. Mimi mdogo, yeye mkubwa, salamu inaanza kwangu. "Shikamoo." "Marahaba mwanangu, umeamkaje?" Marahaba yake ilikuwa tamu, na mimi nilikuwa naimeza kama kwinini. Nilimchukia. Sitapamba. Nilimwombea mvua impite na nondo wamlie vitambaa vyake, na nilifanya hivyo kanisani, nimepiga magoti.

Siku moja niliingia dukani kwake kama mteja mwingine yeyote, nikaomba mita nne za kitambaa cha bitana. Akanipimia akitabasamu. Mita yake haikuwa ya fimbo wala ya tepu. Ilikuwa misumari miwili iliyopigiliwa pembeni mwa kaunta, huku mmoja na kule mwingine, anavuta kitambaa kutoka msumari mpaka msumari. Nikafika kwangu, nikafunga mlango, nikatandaza tepu yangu. Kila mita ilipungua vidole vinne. Ukijumlisha mita nne ni zaidi ya shibiri, na shibiri ile ndiyo vilemba vyangu. Nilirudi kesho yake kununua uzi, nikainama kidogo. Kando ya msumari wa kulia, vidole vinne nje, palikuwa na tundu la msumari wa zamani, limezibwa kwa nta.

Mtu mwingine angepiga kelele siku ile ile. Mimi nilimwekea kiporo. Faida ya mji mdogo kwa mtu mwenye kisasi ni kwamba huhitaji kumfukuza adui yako. Tulia tu, atapita. Siku za mwizi ni arobaini, na mimi nilikuwa tayari kumpa hata mia mbili. Nilishona viraka na zipu, nikaamkia shikamoo, nikasubiri karibu miezi minane.

Desemba ikafika na harusi zake. Binti yake akawa anaolewa. Kamati ikachagua sare ya kinamama, na bila shaka kitambaa kilitoka dukani kwake. Mafundi wote wa mjini walikuwa wamejaa kazi, wanamfukuza mteja kabla hajakaa. Basi kinamama tisa wa kamati, waliokuwa wamenikwepa tangu siku ya mnada, wakanijia mmoja mmoja wakiwa na aibu usoni. Nikawakaribisha wote. Nikawaambia waje pamoja Jumamosi saa sita mchana, na vitambaa vyao vikiwa bado vimefungwa.

Walipofika nilitoa tepu. Nikawaambia, "Kinamama, tangu yale yaliyonipata mimi sipokei bila kupima. Mnisamehe." Nikapima cha kwanza, cha pili, cha tatu. Vyote pungufu, na kufikia cha nne walikuwa wanainama kusoma tepu wenyewe. Nikasema, "Twendeni tukamwulize mwenyewe, kesho asije akasema nimewaibia na ninyi."

Tukaenda wanawake kumi. Duka lilikuwa limejaa. Nikasimama mbele ya kaunta. "Shikamoo mama. Naomba unipimie mita moja ya hiki." Akatazama nyuma yangu, akaona kamati yake yote. Hakuwa na pa kukimbilia, akapima. Nilipompokonya ile ncha ya kitambaa sikumpokonya kwa adabu. Nikalaza tepu yangu juu ya kaunta, msumari kwa msumari, nikasema, "Soma wewe, macho yangu mabovu." Hakusoma. Akasoma mwanamke mwingine, tena kwa sauti. Mwingine akaligusa lile tundu, akaikwangua nta kwa ukucha, akasema, "Kumbe msumari ulikuwa hapa."

Niseme ukweli wangu: nilifurahi. Roho yangu ilisuuzika. Nilimtazama na sikuona huruma hata chembe. Nilikuwa nawaza foronya zilizo chini ya kitanda. Na Jumapili, pale pale nje ya kanisa, mnadi alipoinua kuku, sauti ikatoka nyuma, "Huyo kuku kapimwa kwenye kaunta ya nani?" Watu wakaangua kicheko. Nilicheka mpaka nikashika mti.

Wiki tatu baadaye alikuja nyumbani kwa mama, alasiri, ameongozana na mzee mmoja wa kanisa. Mkononi alishika kitawi cha isale, majani yamefungwa fundo. Kwao Uchagani na kwetu Meru isale ni lile lile. Ndilo tunalopanda kwenye mipaka ya mashamba, na ndilo unalompelekea uliyemkosea. Aliyeletewa isale hakatai. Akikataa, kosa linahama, linakuwa lake. Alipiga magoti kwenye sakafu ya mama yangu, mwanamke wa umri ule, akasema, "Nilikuvunjia jina kwa kosa langu mwenyewe. Nimekuja na isale." Alikuwa analia.

Nilitaka kumwambia arudi nalo. Neno lilikuwa kwenye ulimi. Nikanyoosha mkono mmoja. Mama akakohoa. Nikanyoosha na wa pili, nikapokea. Sikusema nimekusamehe. Nilisema, "Asante kwa kufika," nikaenda kuchemsha chai.

Watu wengine wakipokea isale hulipanda shambani, mambo yakaisha. Mimi nililibeba mpaka Levolosi. Nikalichomeka kwenye kopo la rangi lenye udongo, nikaliweka mlangoni mwa fremu yangu, mbele ya macho ya kila mpita njia. Kila mteja aliuliza, "Fundi, hilo isale umeletewa na nani?" Nami sikuchoka kusimulia, tangu msumari mpaka magoti. Mwenyewe alilipita kila asubuhi. Ndiyo maana nililiweka pale. Msamaha wake niliusimika uwe adhabu yake, na nilijiona mwerevu kweli kweli.

Kazi ilirudi yote na zaidi. Kisha Februari, jua likiwa kali, mama akaanguka migombani akavunjika mguu. Nilifunga fremu majuma matatu nikakaa naye. Siku moja nikakumbuka lile isale mlangoni, bila maji, kwenye kopo la bati. Nikasema moyoni, na life. Mimi nimelipokea, jua likiliua si mimi.

Niliporudi nililikuta limesimama, kijani, lina majani matatu mapya. Jirani yangu, mama anayeuza maparachichi, akaniambia huku anapanga maparachichi yake, "Mama wa vitambaa analimwagilia kila asubuhi kabla hajafungua duka. Anakuja na jagi lake. Tena ananiuliza mama yako anaendeleaje na mguu." Akaongeza, "Watu wanasema mmepatana vizuri. Wanasema una moyo mkubwa sana, kulipanda mlangoni."

Nilikaa kizingitini nikashindwa kufungua kufuli. Moyo mkubwa. Siwezi kuling'oa, mji mzima utasema nimekataa msamaha. Siwezi kulihamisha, wataniuliza kwa nini. Dar ningebeba cherehani nikahamia mtaa mwingine, nani angejua? Hapa sina mtaa mwingine. Na sitakubali mwanamke yule anitunzie msamaha wangu mlangoni kwangu mwenyewe, mbele za watu. Kama ni la kumwagiliwa, nitalimwagilia mimi.

Kwa hiyo siku hizi naamka mapema. Nikifika kabla yake, namwaga maji, nakaa, nasubiri apite. Naanza mimi, "Shikamoo," anaitika, analitazama kopo, anapita na jagi lake limejaa. Siku hizo nashona vizuri. Leo asubuhi nilifika saa kumi na mbili na nusu, ukungu haujaondoka. Nikainama na ndoo yangu, nikagusa udongo kwenye kopo. Ulikuwa umeshalowa.