Kujiona na Kujijua

Nakumbuka siku moja ya mvua pale Butembo, wakati wa vita, mwanangu, nywele zangu bado nyeusi na Kiswahili changu cha kujivunia. Nilikuwa mwalimu, na Jumapili nilifundisha watoto katekismu. Daktari mmoja mgeni alifika shuleni kuchunguza jinsi watoto wagonjwa na walemavu wanavyojifikiria, nami nikawa mkalimani wake.

Zamu ya Kavira ikafika. Mguu wake mmoja ulikuwa umepooza tangu akinyonya. Yeye na bibi yake walikuwa wamekimbia kutoka Kalunguta, na katika ukoo wao ni hao wawili tu waliobaki. Sasa daktari alikuwa ameshasema kwamba mtoto anayejidharau sana atapelekwa kituo cha walemavu huko Beni. Bibi aliposikia hivyo, akaushika mkono wa mjukuu wake asiuachie.

Nikauliza, "Kavira, wewe unajionaka aje?"

Akainama. "Mimi hapana kujiona, Mwalimu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Ni zambi. Ni wewe ulitufundisha siku ya Mungu!"

Daktari alipotafsiriwa jibu hilo, akatikisa kichwa kwa huzuni, akidhani mtoto anajidharau. Mimi nikaangua kicheko. Loo! Jumapili ileile nilikuwa nimewakemea wanaojiona, yaani wenye maringo, na sasa namuuliza mtoto wa watu anaringa vipi! Kuuliza si ujinga, wanasema wazee, lakini swali langu lilikuwa jinga.

Nikamweleza daktari, kisha nikaanza upya. "Basi, donc, Kavira, unajua kufanya nini?"

Akainua uso. "Najua kupika bugali. Najua kuanzisha wimbo mu korali. Na wakati tulikimbia, batoto bengine balipotea mu migomba. Mimi natembeaka polepole, nilikuwa naangalia njia. Ni mimi nilibarudisha kwa bamama yabo."

Nilipomtafsiria hayo, daktari akaridhika; Kavira akabaki shuleni, na bibi akauachia ule mkono. Nilifurahi mno siku ile. Leo Kavira mwenyewe ni mwalimu, na wajukuu zangu wanamwogopa kuliko wanavyoniogopa mimi.

Mwanangu, kujiona ni kiburi, lakini kujijua si kiburi. Ukiulizwa unaweza nini, usiinamishe kichwa ukidhani huo ndio unyenyekevu; taja ulichojaliwa, hata kama mguu hauna nguvu. Na ukiwa wewe ndiye muulizaji, usimhukumu mtoto kwa jibu la kwanza, maana polepole ndio mwendo. Mungu akubariki, na siku utakapoeleweka vibaya, akupe mtu wa kukuuliza mara ya pili.