Gauni Namba Tatu

Waliomwita Fundi Pindo hawakukosea. Pindo lake halikuwahi kufumuka, na hakuna aliyepokea kwake nguo yenye uzi unaoning'inia. Alishonea tamthilia ya televisheni, ile ya mzuka aliyekuwa karani wa posta enzi za uhai wake, na sasa hupeleka barua kati ya wafu na walio hai.

Mwongozaji alipenda kueleza kwamba mzuka huyo anafuata safari ya shujaa. Anaitwa, anakataa, anavuka, anajaribiwa, anaanguka, anapata nguvu, anarudi nyumbani. Kwa Fundi Pindo safari yote hiyo ilikuwa magauni saba ya kijivu ya mkato mmoja. La kwanza jipya kabisa. La saba limepauka, mkono umechanika na kushonwa, maana anayerudi hawezi kufanana na aliyeondoka.

Picha hazipigwi kwa mfuatano. Nyumba ya kupigia onyesho la kurudi ilipatikana kwa siku moja tu, kwa hiyo mwisho ukapigwa kabla ya katikati. Ilikuwa wiki ya nane tangu Fundi amzike mumewe. Alitoa gauni kabatini, akalikunja, akasafiri nalo saa mbili. Hakuhisi kitu. Siku hizo hata sindano ikimchoma, alijua kwa kuiona damu.

Saa sita mchana mtunza kumbukumbu, mama anayechunga nguo na nywele zisibadilike ovyo, akashika kichwa.

"Mbona mkono mzima? Hili si namba tatu hili?"

Kazi ya asubuhi nzima ikawa ya kutupwa. Kanuni ilijulikana: anayeharibu siku ya kazi anaondoka. Mwongozaji akamgeukia mpiga pasi, kwa kuwa ndiye aliyemkabidhi mwigizaji gauni.

"Bosi, mimi ni pasi tu," akasema yule bwana, jasho likimtoka. "Hata shetani akiniletea suruali nainyoosha. Simuulizi katoka wapi."

"Basi kamnyooshee huko huko kwake!"

Watu wakacheka. Mpiga pasi hakucheka. Alikuwa na watoto wanne.

Fundi angeweza kunyamaza. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikwishasema kwamba mjane wa mwalimu mkuu hana sababu ya kushonea mizuka, na kosa hili lingemnoa ulimi.

"Ni mimi," akasema.

Mwongozaji akalegeza sauti. "Mama, una msiba. Tunaelewa."

"Msiba haukufungua kabati. Nililifungua mimi."

Namba saba lilikuwa mbali, na jua halisubiri. Akaomba saa moja. Akalisugua namba tatu kwa jiwe magotini na viwikoni, akalichovya kwenye chai ya rangi, akachana mkono, akaushona. Mpiga pasi akalikausha kwa pasi.

Mwigizaji, binti msomi, alisimama akingoja na shimizi yake.

"Mama, vitabu vinasema shujaa hurudi na zawadi. Huyu akifika mlangoni anajisikiaje?"

Fundi akakata uzi kwa meno. "Sijui, mwanangu. Inua mkono nione kama unabana."

Mkono haukubana. Jua lilipozama picha zote zilikuwa zimekamilika.

Meneja wa tamthilia akamwita Fundi pembeni. Nusu siku ilikuwa imepotea, akasema, na kanuni ni kanuni. Mpiga pasi atabaki, yeye ataondoka mwisho wa mwezi. Fundi akaitikia kwa kichwa, akauliza kama kitambaa cha kijivu bado kipo stoo, maana namba tatu sasa halipo na zamu yake haijafika.

Shemeji akapiga simu kabla Fundi hajavua viatu nyumbani.

"Nasikia wamekufukuza."

"Wameniondoa. Nilikosea."

"Usiseme hivyo, shemeji. Jina la kaka linachafuka. Tutasema umeacha mwenyewe, umechoka, umefiwa. Nani atabisha?"

"Hakuna."

"Sasa je! Ukiulizwa utasema nini?"

"Nitasema nilitoa namba tatu badala ya namba saba."

Shemeji akavuta pumzi. Kisha akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, kama amekula.

Fundi akatazama jikoni. Sahani ilikuwa juu ya meza, tupu, na hakukumbuka kama aliyekula ni yeye leo au ni yeye jana.

"Nimekula," akasema. Halafu, kwa kuwa hakuwa na hakika, akasema, "Ngoja kwanza nikaangalie sufuria."